Kisite: Bustani iliyo chini ya maji

WAKAZI wengi wa Nairobi, Nakuru na miji mingine ya bara wanapotajiwa Pwani, mawazo yao huishia Mombasa. Hupiga picha kwenye Pembe za Ndovu, wakaogelea Bamburi au Diani, wakanunua kashata na mabuyu ya kuwapelekea majirani, kisha wakarudi makwao wakiamini kwamba wameimaliza Pwani. Ni wachache wanaofahamu kwamba ukiendelea kusini hadi karibu na mpaka wa Tanzania, utakuta visiwa vidogo ambavyo havina hoteli, duka wala nyumba ya mtu, lakini vina wakazi wengi kuliko mtaa wowote wa jijini. Wakazi wenyewe ni samaki, kasa, pomboo na ndege wa baharini.

Visiwa hivyo ni Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi. Vyote vimo katika hifadhi ya bahari ya Kisite-Mpunguti, Kaunti ya Kwale, yenye eneo la kilomita 39 za mraba. Karibu eneo hilo lote ni maji. Nchi kavu ni kidogo mno hivi kwamba mtu akitazama ramani ya Kenya bila miwani anaweza kudhani ni vumbi lililoangukia karatasi.

Mwandishi wa makala haya alifika huko mwezi wa Januari, msimu wa kaskazi, akiwa abiria katika mashua moja na familia ya watu watano kutoka Nairobi. Baba ni mwalimu, mama ni muuguzi, na watoto wao watatu hawakuwa wamewahi kuiona bahari ila kwenye televisheni.

Njia ya kufika

Safari huanzia Mombasa. Msafiri anayetoka bara kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huteremka Miritini. Kutoka hapo ama huvuka kwa feri ya Likoni, ama huzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, mradi afike pwani ya kusini. Kisha ni Ukunda, Msambweni na mashamba ya miwa ya Ramisi. Baada ya hapo unaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kukata kushoto, ukipita minazi na miembe hadi unapoliona gati la Shimoni. Kutoka Likoni ni mwendo wa kilomita zipatazo 75.

Jina Shimoni halikuja kwa bahati. Chini ya kijiji kuna mapango marefu ya mawe ya matumbawe ambayo, kwa mujibu wa masimulizi ya wenyeji, watumwa walifungiwa humo wakisubiri kusafirishwa. Siku hizi wanakijiji wenyewe huwatembeza wageni humo. Mwishoni mwa karne ya 19, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala sehemu hii kabla ya serikali ya kikoloni iliweka kituo chake hapa. Hivyo msafiri anayekimbilia mashua bila kusimama Shimoni hupoteza nusu ya somo.

Tanga lapandishwa

Mashua ya kwenda Kisite husubiri maji, nayo maji hayamsubiri mtu. Nahodha wetu, mzee mwenye kofia ya kiua na miguu iliyopasuka kwa chumvi, alikuwa amekwisha kuyahesabu maji tangu jana yake. Watoto walipomwamkia, "Shikamoo, Babu," aliitikia "Marahaba, wajukuu zangu," kisha akawaonyesha mahali pa kuketi ili chombo kisilalie upande mmoja.

Siku hizi vyombo vingi vya watalii hutumia injini. Hata hivyo, kaskazi ilikuwa inavuma vizuri kutoka nyuma yetu, na mara tulipotoka katika mlango wa bahari ulio kati ya Shimoni na kisiwa cha Wasini, nahodha aliizima injini na mabaharia wawili wakavuta foromali. Tanga likajaa upepo. Mtu aliyezoea kelele za matatu hushangaa anapogundua kwamba chombo kinaweza kwenda kasi bila mngurumo wowote, na kinachosikika ni maji tu yakipasuliwa na omo.

Wazee wetu walisafiri hivyo kwa karne nyingi. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, iliwaleta mabaharia kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi, inayovuma katikati ya mwaka, iliwarudisha kwao. Miongoni mwa shehena walizochukua ni gamba la ng'amba, yule kasa mwenye mdomo kama wa kasuku. Kitabu kimoja cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa miaka inayokaribia 2000 iliyopita, kinataja gamba la kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa katika pwani hii. Magamba hayo yalitengenezewa vitana, masanduku na mapambo. Leo biashara ya gamba hilo imepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa, kwani ng'amba amekaribia kutoweka duniani.

Pomboo si wanasesere

Tulikuwa tumesafiri karibu nusu saa pale mtoto wa pili, msichana wa darasa la sita, alipopiga ukelele. Mbele yetu mapezi meusi yalikuwa yakiibuka na kuzama. Walikuwa pomboo wanane au tisa, na katikati yao mdogo mmoja aliyeng'ang'ania ubavu wa mama yake.

Pomboo si samaki. Ni mnyama anayenyonyesha, mwenye damu moto na mapafu kama yetu, ndiyo maana hana budi kupanda juu mara kwa mara kuvuta pumzi. Mama hubeba mimba mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, na humlea kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo kundi la pomboo haliongezeki upesi, na akifa mmoja pengo lake huchukua muda kuzibwa.

Watoto walitaka tuwafuate. Nahodha alikataa. Aliliacha tanga lilegee, chombo kikapunguza mwendo, akatuambia tutulie. Punde si punde pomboo wenyewe walitujia, wakapita chini ya mashua, mmoja akageuka ubavu akatutazama kwa jicho moja, kisha wakaenda zao.

Huo ulikuwa uungwana wa kibaharia, lakini pia ni elimu. Utafiti uliofanywa Kizimkazi, Zanzibar, ulionyesha kwamba pomboo wanapoandamwa na mashua za watalii hupunguza muda wao wa kupumzika, kula na kuchangamana, wakawa wanasafiri tu kama watu wasio na kwao. Kizimkazi yenyewe ni kisa cha kuzingatia. Wavuvi wa huko waliwahi kuwawinda pomboo ili wapate chambo cha papa, hadi uwindaji huo ulipokoma mwaka 1996, miaka michache baada ya watalii kuanza kuja. Pomboo aliye hai akawa na thamani kuliko aliyekufa. Lakini tamaa nayo ina njia zake: mnyama yule yule aliyeokolewa na fedha za wageni anaweza kusumbuliwa kwa ajili ya fedha hizo hizo.

Msomaji atakayefika hapa kati ya Julai na Oktoba anaweza kubahatika zaidi. Miezi hiyo nyangumi wenye nundu hupita wakitoka bahari ya barafu ya kusini mwa dunia, wanakotafuta chakula, kuja kuzaa katika maji yetu ya joto.

Kisiwa chenyewe

Kisite haina majestiki ya kumstaajabisha mtu kwa mbali. Ni mwamba mdogo wa matumbawe, umevaa vichaka vifupi, na pembezoni maji yakipwa hutokea fungu la mchanga mweupe. Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, fungu hilo hupanuka. Maji yakijaa, linazama lote.

Juu ya fungu hilo tuliwakuta ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu na midomo minene, wamejipanga kama wanafunzi gwarideni. Kazi yao ni kula kaa. Ndege hao huzaliana mbali, katika pwani za Uajemi, Oman na Bahari ya Shamu, ambako huchimba mashimo mchangani na kutaga humo yai moja. Baadaye huruka hadi kwetu kupitisha miezi ya baridi ya kwao. Kwa hakika wanafuata njia ile ile ya majahazi ya zamani, ila wao hawahitaji tanga. Katika misimu mingine ya kusi, ndege wengine wa bahari, wa jamii ya shakwe, huja kutaga visiwani humu. Ndiyo maana wageni huonywa wasikanyagekanyage ovyo, kwa sababu yai lililoko chini lina rangi ya kokoto.

Hatukutia nanga. Chombo kilifungwa kwenye boya, maana nanga moja ikiburuzwa huvunja kwa dakika moja matumbawe yaliyochukua miaka mingi kukua. Tukavaa miwani ya kupigia mbizi na mirija ya kupumulia, na waliokuwa hawajui kuogelea wakavishwa jaketi za kuokolea maisha.

Mama wa familia ile alikuwa ameapa kwamba hataingia majini. Alipowasikia wanawe wakipiga kelele za furaha, aliteremka ngazi polepole, akashika kamba ya boya, akatia uso majini. Alipouinua hakusema neno. Aliurudisha tena.

Chini yake kulikuwa na mji. Samaki wa manjano walipita makundi makundi. Mkunga alichomoza kichwa kutoka katika pango lake kama askari wa zamu. Chewa mkubwa alijificha chini ya jiwe. Changu, tafi na vipepeo vya baharini walizunguka kana kwamba wako sokoni siku ya mkesha wa Idi. Kasa mmoja wa kijani alipita chini kabisa, hana haraka, akielekea kwenye majani ya bahari anayoyala.

Samaki aliyewachekesha watoto zaidi ni pono, mwenye rangi za kitenge na meno ya mbele kama patasi. Ukisikiliza vizuri chini ya maji, utamsikia akitafuna mawe: kwaru, kwaru. Hutafuna mwamba ili apate mwani ulioota juu yake, na jiwe linalosagika humtoka upande wa pili likiwa mchanga. Pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya mchanga mweupe tunaoutandikia mataulo yetu ufuoni imepitia tumboni mwa samaki. Tukiwamaliza pono, hatupotezi kitoweo tu. Mwani utayafunika matumbawe, na mchanga nao utapungua.

Jiwe lililo hai

Wengi hudhani matumbawe ni mawe au mimea. La hasha. Ni wadudu wadogo sana wa baharini, maelfu kwa maelfu, kila mmoja akijijengea kijumba cha chokaa. Ndani ya miili yao huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho. Mwani huo hupata makao, nao hulipa kodi kwa kutengeneza chakula kwa nguvu za jua na kumgawia mwenye nyumba. Rangi nyingi tunazozistaajabia ni za mpangaji huyo.

Bahari inapopata joto kupita kiasi kwa majuma kadhaa, urafiki huo huvunjika. Mwani hufukuzwa, matumbawe yakabaki meupe kama mifupa, na joto lisipopungua hufa kwa njaa. Mwaka 1998, katika kipindi cha El Nino ambacho Wakenya wengi wanakikumbuka kwa mafuriko, matumbawe mengi ya pwani yetu yalikufa kwa njia hiyo. Yalipopata ahueni, joto lilirudi mwaka 2016, kisha tena mwaka 2024. Mtu aliyepiga mbizi hapa kabla ya 1998 atakwambia kwamba tunachokiona leo ni sehemu tu ya uzuri uliokuwepo. Anayeona kwa mara ya kwanza hawezi kujua kilichopotea, na hapo ndipo penye hatari, kwani kila kizazi hudhani bahari aliyoikuta ndiyo bahari ilivyokuwa siku zote.

Bahari ni ya nani?

Tulipopanda tena chomboni, kijana mkubwa wa familia ile, aliyekuwa kidato cha pili, alimwuliza nahodha swali ambalo watu wazima tulikuwa tumelikwepa. Samaki wote hawa wako hapa, kwa nini wavuvi wa kijijini wanakwenda kutafuta kwingine?

Mzee alicheka kidogo. Alieleza kwamba baba yake alivua katika maji haya haya, na babu yake pia. Katika miaka ya 1970 sehemu hii ilitangazwa kuwa hifadhi. Tangu hapo, ndani ya bustani ya Kisite hairuhusiwi kuvua chochote, hata kuokota kombe. Katika eneo la akiba la Mpunguti huruhusiwa uvuvi wa kienyeji tu. Kwa wazee wa wakati ule, alisema, ilikuwa kama mtu kuja shambani mwako na kukwambia kwamba mahindi sasa ni ya kutazamwa.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Samaki ndiye ada ya shule, ndiye dawa, ndiye chakula cha jioni. Watu wa Wasini na Shimoni walitakiwa kuacha riziki waliyoijua kwa ahadi ya riziki wasiyoijua. Wengine waliipata, wakawa manahodha, wapishi na waongozaji wa wageni. Wengine hawakuipata, na kila mara wageni wanapopungua, kama ilivyotokea mwaka 2020 wakati wa janga la korona, hata hao waliobahatika hurudi kuishika mishipi.

Kwa upande mwingine, hifadhi imeleta faida isiyoonekana upesi. Utafiti katika hifadhi za bahari hapa Kenya umeonyesha kwamba samaki wanaoachwa wakue ndani ya mipaka hutoka nje, wakanaswa na wavuvi walio jirani. Mpaka wa bahari hauna ukuta. Chewa hajui ramani. Wavuvi wa sehemu nyingine za pwani wameliona hilo, na baadhi yao, kama wale wa Kuruwitu katika Kaunti ya Kilifi, wametenga maeneo yao wenyewe ya kutovua, bila kulazimishwa na serikali.

Tofauti ni hiyo. Katika Kisite uamuzi ulitoka juu. Kuruwitu ulitoka kijijini. Mwenye macho haambiwi tazama.

Chakula cha Wasini

Wakati wa kurudi upepo ulikuwa wa mbele, kwa hiyo tanga likakunjwa na injini ikawashwa. Tulisimama Wasini, kisiwa cha watu, chenye urefu wa kilomita chache na vijiji viwili vikubwa, Wasini na Mkwiro. Wenyeji wa asili ni Wavumba, wenye lahaja yao ya Kiswahili, Kivumba. Hakuna gari hata moja. Watoto wa Nairobi walitembea katikati ya njia kwa raha, bila kuangalia kushoto wala kulia.

Kisiwa hakina mto wala kijito. Kwa vizazi vingi wanakijiji wamekinga maji ya mvua na kuyahifadhi kwa hadhari. Mgeni anayeoga kwa ndoo mbili hapa anapaswa kulikumbuka hilo.

Tulikula wali wa nazi, kaa, na samaki wa kupaka. Baadaye tukatembelea bustani ya matumbawe ya kale nyuma ya kijiji, ambako akina mama wa Wasini wana daraja la mbao linalopita juu ya mikoko. Matumbawe hayo yalikuwa chini ya bahari zaidi ya miaka laki moja iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko sasa. Leo yamesimama mkavuni kama magofu, na bamvua ikija maji huyaramba miguu. Kiingilio kinachotozwa huendeshwa na kikundi chenyewe cha akina mama na kusaidia mahitaji ya kijiji. Aidha, vikundi vya Wasini na Mkwiro, wakishirikiana na wataalamu wa bahari, wamekuwa wakiotesha vipande vya matumbawe na kuvipandikiza mahali palipoharibika. Ni kazi ya subira, sawa na kupanda mbuyu ukijua kwamba kivuli watakipumzikia wajukuu.

Kwa anayetaka kwenda

Msimu mwema ni wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, bahari inapokuwa safi na shwari. Epuka Aprili na Mei, wakati wa masika. Ulizia ada ya sasa ya hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani; Wakenya hulipa chini ya wageni, na wanafunzi wanaokuja na shule wapange mapema. Elewaneni bei na mwenye chombo kabla ya kupanda, na muulize kama ada ya hifadhi na chakula vimo. Hakikisha kila mtoto ana jaketi linalomtosha. Chukua kofia, maji ya kunywa na fulana ya kuvaa majini, kwani jua la baharini huchoma hata wakati wa mawingu. Kijijini, vaa kwa heshima.

Ukiwa majini, usisimame juu ya matumbawe, usiguse kasa, wala usiokote kombe. Nahodha akikataa kuwafukuza pomboo, mshukuru; akitaka kuwafukuza, mkataze kwa adabu. Mteja anayelipa ana sauti, na mara nyingi sauti hiyo hufanya kazi kuliko bango la onyo.

Nairobi ina Mbuga yake ya simba, na kila mwanafunzi anaweza kutaja wale wanyama watano wakubwa. Ni vizuri ajue pia kutaja pono, ng'amba, chewa, mkunga na pomboo. Hao nao ni Wakenya, na hawana kura wala wakili. Bahari haiozi, wazee walisema, lakini hawakuwahi kuiona ikipata homa. Sisi tumeiona. Ni juu yetu kuamua watoto wetu watakuta nini watakapotia nyuso zao majini.